Seli ambazo hazikupigwa nazo huumia
Makala ninayoijibu hapa inaeleza madhara ya tiba ya mionzi kana kwamba kila seli iliyoumia lazima iwe imepigwa na mionzi yenyewe. Ushahidi unakataa. Mwaka 1992, Nagasawa na Little wa Harvard walipiga seli kwa chembe chache mno za alfa, hata viini vilivyopitiwa havikufika asilimia 1. Lakini mabadiliko ya kromosomu yalionekana katika takribani asilimia 30 ya seli. Maana yake zilizopigwa ziliwapasha habari jirani zao, ama kupitia vijia vinavyounganisha seli zinazogusana, ama kwa kemikali zinazomwagwa nje.

Atakayesema hayo ni ya maabara, na kwamba alfa si eksirei za hospitalini, ana hoja. Tena madhara mengi hubaki palepale palipolengwa. Ila hapohapo, makovu ya mapafu hujitokeza miezi kadhaa baada ya mashine kuzimwa. Mionzi ya mashine (siyo ile ya kupandikizwa) haibaki mwilini. Kinachoendelea ni mawasiliano: protini ya TGF-beta huzichochea seli ziendelee kutengeneza kolajeni. Kulenga kwa usahihi zaidi, jambo ambalo mwandishi wa makala hiyo analisifu mno, hakuwezi kuzima ishara hizo peke yake. Dawa za kuzikatiza nazo zinastahili fedha za utafiti.