Jiwe linaonya mbele ya kuanguka

Ndugu na dada wa Kolwezi, Likasi, Kipushi na Lubumbashi,

Mgodi ukianguka, tunaambiwa neno moja: "ajali". Kisha jeneza, kisha kimya. Sisi tunakataa. Mara nyingi jiwe linaonya, ila hakuna anayelisikiliza.

Mzee aliyefanya kazi chini ya udongo anajua: mti unaoshika paa la shimo unalia mbele ya kuvunjika. Leo kuna vipimo vinavyosikia mbele ya masikio yetu. Kipimo kinafungwa kwenye buloni inayoshikilia jiwe, ao chini ya nguzo, na kinaonyesha imebeba tani ngapi. Uzito ukipanda siku kwa siku, jiwe linasogea. Ukishuka gafula, labda buloni imekatika ao imeteleza. Kwa yote mbili, watu watoke kwanza, maulizo baadaye.

Hii si hadithi ya Ulaya. Mwaka 1990 sehemu ya kati ya mgodi wa Kamoto, hapa Kolwezi, ilianguka. Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980. Kuanguka kule ni moja ya sababu zilizoibomoa, na wazazi wetu njo walilipa: mishahara, shule, hospitali. Mei 2025 ardhi ilitetemeka chini ya Kakula, kazi ya chini ikasimamishwa.

Watasema vipimo ni bei kali. Kamoto ilikuwa bei gani?

Tunaomba mambo tatu. Moja: kila kampuni inayochimba chini ipime mzigo wa nguzo na buloni zake, na namba zibandikwe pa mlango wa mgodi, kwa luga wafanyakazi wanasoma. Mbili: wajumbe wa wafanyakazi na wakaguzi wa serikali waone namba hizo kila siku, hapana kungoja ripoti ya mwisho wa mwaka. Tatu: mfanyakazi anayetoka kwa sababu ya hatari asikatwe hata franga moja.

Na bakreseri? Wao hawana hata buloni. Juni 2019 zaidi ya 40 walikufa Kolwezi. Kwao tunadai maeneo halali, na mainjinia wa serikali wanaoshuka shimoni, si wale wa kukusanya taxi tu.

Wewe mwenye baba, kaka ao rafiki kule chini, muulize leo jioni: pale kwenu, nani anapima?