Mwindo naye alifundishwa

Masisi na Walikale, ukitaja kumwekea mwami kijana au shefu wa grupema mtu wa kumnoa kwa faragha, yaani kocha, utajibiwa haraka: "Kiongozi huzaliwa." Basi tumwangalie Mwindo, shujaa wa Wanyanga wa Walikale. Utendi wake ulisimuliwa na Candi Rureke mwaka 1956, na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene wakauchapisha mwaka 1969. Mwindo alizaliwa akitembea na kusema, usinga mkononi. Baba yake Shemwindo, mtawala wa Tubondo, alijaribu kumuua akashindwa. Lakini majivuno ya Mwindo! Alipoliua joka Kirimu, Nkuba, yaani Radi, rafiki wa Mwindo na wa joka hilo pia, alimchukua juu mbinguni. Mwaka mzima aliteswa na mvua, mwezi na jua, akakatazwa kuua mnyama tena. Ndipo akarudi kutawala.

Wengine husema: "Hayo ni mambo ya Wazungu." Wakimaanisha semina ya siku mbili Goma, cheti na perdiemu, nami nawaunga mkono. Nkuba alichukua mwaka.

"Mtu akifundishwa uongozi ataiga, atapoteza tabia yake." Mwindo hakurudi akiwa Nkuba mdogo. Alirudi na sheria zake: limeni vyakula vingi, msimdhihaki mlemavu, watu wamwogope mwami na mwami awaogope watu. Hiyo ya mwisho imetoka kwa kijana ambaye hapo awali hakumwogopa yeyote. Mimi sioni kuiga hapo.

"Kocha atamtawala mkubwa." Shangazi yake Iyangura alimwonya asiende Tubondo peke yake. Hakumzuia, alifuatana naye. Mwindo aliposhuka kuzimu kumfuata baba yake, Iyangura alibaki juu ameshika kamba. Kazi ya kocha inaishia hapo.

"Wakati wa vita tunataka mkali." Hoja hii ndiyo nzito, maana wanaoitoa wamekimbia makwao zaidi ya mara moja. Ila tangu 1993, moto wa vita ulipoanzia soko la Ntoto huko Walikale ukasambaa hadi Masisi, wakali hawajawahi kuadimika huku. Mwindo naye aliiteketeza Tubondo, kisha akawafufua waliokufa. Alipomkamata baba yake hakumuua. Baraza liliketi, Shemwindo akakiri kosa lake, Iyangura akamkemea kaka yake mbele ya watu wote, na nchi ikagawanywa kati ya baba na mwana.