Saa Ikisha Kuuzwa Ni Mali ya Nani?

Kila askari aliyepita chuoni anaijua tofauti iliyopo baina ya kitu alichokabidhiwa na kitu alichonunua. Bunduki, mkanda na viatu alivipokea kwa kutia sahihi katika daftari la ghala, na siku atakapostaafu atavirudisha kwa hesabu, kwani havikuwa mali yake hata siku moja. Akiuza hata kifungo cha koti la serikali, amevunja sheria. Lakini redio aliyoinunua kwa mshahara wake ni yake. Aweza kuisikiliza, aweza kumpa mkwewe, aweza kuiuza sokoni jioni hiyo hiyo, na hakuna kamanda atakayemwita kujieleza. Jambo hili halihitaji wakili. Hata hivyo makampuni makubwa ya saa za anasa ya huko Uswisi yamekuwa yakijitahidi kwa miaka mingi kuifuta tofauti hiyo. Yanataka kupokea fedha kama muuza duka, kisha yaendelee kuamrisha kama mkuu wa ghala.

Huenda msomaji akasema kwamba habari za Rolex na Patek Philippe hazituhusu sisi, ambao wengi wetu tunaijua rolex kuwa ni chapati iliyoviringwa pamoja na mayai. (Na kwa mtu aliyetoka zamu ya usiku, hiyo ndiyo rolex yenye manufaa zaidi.) Lakini tangu majeshi yetu yalipoingia Somalia mwaka 2007, askari wengi wamepata kushika posho ambayo baba zao hawakuipata, na penye posho hapakosi mtu wa kuleta saa iliyofungwa katika kitambaa, akisema ni halisi, imetoka Dubai, na bei yake ni nusu ya bei ya dukani. Naye askari polisi aliyeko kituoni huletewa saa hiyo hiyo mezani, akatakiwa aamue kama ni mali halali, ya wizi au ya bandia. Kwa hiyo yafaa tuelewe ugomvi huu umetoka wapi.

Wenyewe huliita soko la kijivu, yaani si jeupe wala si jeusi. Saa zinazouzwa humo si za bandia. Zimetengenezwa kiwandani na mafundi wa kampuni yenyewe, na wakala wa kampuni ameziuza na kulipwa. Kosa lake pekee, kama ni kosa, ni kwamba baada ya hapo zimepita njia ambayo kampuni haikuichagua. Wakala aliyelemewa na saa zisizonunuliwa huziuza kwa mkupuo kwa mfanyabiashara wa nchi nyingine. Au mnunuzi aliyeipata saa adimu dukani huiuza kesho yake kwa faida. Ndiyo maana soko hilo lina nyuso mbili. Pale bidhaa ilipozidi, saa huuzwa chini ya bei ya kampuni. Pale ilipoadimika, huuzwa juu yake, wakati mwingine maradufu.

Wasomaji wetu wenye umri mkubwa hawatashangaa. Waliyaona magendo ya miaka ya 1970, sukari na sabuni zilipotoweka madukani zikaonekana uani kwa bei ya kuruka, na watu waliotajirika kwa njia hiyo wakapewa jina la mafutamingi. Mambo haya mawili yamefanana kwa umbo, lakini hayalingani kwa uzito. Mlanguzi wa sukari alimnyang'anya mtoto uji wake, na dola ilikuwa na haki ya kumkamata. Mlanguzi wa saa ya anasa anampunguzia nani chakula? Hampunguzii mtu. Anachokigusa ni heshima ya jina la kampuni na mamlaka yake juu ya bei. Hayo ni mambo ya kampuni kujilinda yenyewe, wala hatuoni sababu ya kuzitaka mahakama na polisi wa dunia wafanye kazi hiyo kwa niaba yake.

Kesi iliyoonyesha jambo hili waziwazi ni ile ya kampuni ya Omega na maduka ya Costco ya Marekani. Costco ilinunua saa za Omega aina ya Seamaster ambazo mawakala wa kampuni walikuwa wameziuza nje ya Marekani; zikapita mikononi mwa wafanyabiashara wengine mpaka New York, na hatimaye zikawekwa kwenye kabati za Costco kwa dola 1,299, wakati bei iliyopangwa na Omega ilikuwa dola 1,995. Saa zilikuwa halali kabisa. Omega haikuweza kusema ni bandia, wala haikuweza kusema zimeibwa. Ikafanya nini? Ilikuwa imechora tufe dogo mgongoni mwa saa, tufe ambalo upana wake haufiki nusu ya sentimita, ikaliandikisha kuwa ni mchoro wenye hakimiliki, kama vile kitabu au picha. Ndipo mwaka 2004 ikaishtaki Costco, si kwa kuuza saa, bali kwa kuingiza nchini mchoro huo bila ruhusa.

Hatuna budi kukiri kwamba hila hiyo ilikuwa ya kijeshi kweli kweli: adui akiwa imara mbele, mzunguke. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwezi Desemba 2010 majaji wakagawanyika wanne kwa wanne, kwa hiyo hukumu ya chini iliyoipendelea Omega ikabaki kwa wakati ule. Lakini mwaka 2013 mahakama hiyo hiyo iliamua kesi nyingine, ya mwanafunzi aliyetoka Thailand ambaye aliuza Marekani vitabu vya masomo vilivyonunuliwa kwao kwa bei nafuu. Ikasema kwamba mtu aliyenunua nakala halali, hata kama imetengenezwa nje, ana haki ya kuiuza tena bila kumwomba ruhusa mwenye hakimiliki. Basi mwaka 2015 Mahakama ya Rufani ikaipa Costco ushindi. Miaka kumi na moja ya mawakili, kwa ajili ya tufe ambalo mvaaji wa saa halioni kwa kuwa limelala juu ya ngozi yake.

Wengine walichagua moto badala ya mahakama. Kampuni ya Richemont, yenye majina kama Cartier na Piaget, ilijikuta na saa nyingi mno katika maduka ya Asia baada ya biashara ya Hong Kong na China kudorora. Ikahofia kwamba mawakala watazimwaga katika soko la kando kwa bei ya kutupa. Ikazinunua tena yenyewe na kuziharibu; zikavunjwavunjwa, vito na madini yakatolewa yatumike upya. Katika miaka miwili hadi mwaka 2018, thamani ya shughuli hiyo ilikaribia euro milioni 480. Mwezi ulipofuata baada ya habari hiyo kutangazwa, Richemont hiyo hiyo ilinunua Watchfinder, kampuni ya Uingereza inayouza saa zilizokwisha kutumika. Aliyevunja saa ili zisiuzwe tena akawa mwuzaji wa saa zinazouzwa tena.

Rolex nayo imepita njia yake. Shida ya Rolex si wingi bali uhaba. Mteja huandikishwa jina, akangoja miezi au miaka, huku akimwona jirani aliyezoeana na muuza duka akipata kabla yake. Mawakala wengine hubandua karatasi za plastiki zinazolinda saa mpya ili isiuzwe kama haijaguswa; wengine wameripotiwa kuizuia kadi ya dhamana kwa muda baada ya fedha zote kulipwa. Kila saa ina namba, na saa mpya ikionekana kwa mlanguzi, namba hiyo huonyesha ilitoka kwa wakala yupi, naye aweza kunyimwa mgao. Mwezi Desemba 2022 kampuni ilianzisha utaratibu wake wa saa zilizotumika, zenye umri wa miaka isiyopungua mitatu wakati huo, zikiwa na dhamana ya miaka miwili, na duka la kwanza kuuendesha lilikuwa Bucherer. Mwaka uliofuata ikainunua Bucherer yenyewe, pamoja na maduka yake zaidi ya mia moja.

Nchini Ufaransa ilikwenda mbali zaidi ikakwama. Kwa zaidi ya miaka kumi iliwakataza mawakala wake wasiuze saa kwa njia ya intaneti. Ilijitetea kwamba inapigana na bidhaa za bandia na biashara iliyo nje ya mtandao wa mawakala wake. Mwezi Desemba 2023 mamlaka ya ushindani ya nchi hiyo ilijibu kwamba makampuni mengine yenye hatari hizo hizo yameruhusu mauzo hayo kwa masharti, ikaitoza faini ya euro milioni 91.6. Sisi tunaiona hukumu hiyo kuwa ya haki. Kusingizia bandia ili kuubana uhuru wa muuzaji wa bidhaa halisi ni sawa na kufunga barabara nzima kwa kuwa mwizi mmoja aliwahi kuipita.

Tusiwanyime makampuni haki yao, hata hivyo. Bandia zipo, na ni nyingi. Wizi upo pia: mwaka 2024 ilitangazwa kwamba polisi wa London walikuwa wamewatuma askari kanzu mitaani wakiwa wamevaa saa za thamani, wawe chambo cha wanyang'anyi. Tena wakala aliyetia sahihi mkataba wa kuuza kwa wateja wa kawaida, kisha akapitishia saa mlango wa nyuma, amevunja ahadi, na kampuni ina haki kamili ya kumfukuza. Huyo ni kama mtunza ghala aliyeuza alichokabidhiwa. Lakini mnunuzi wa mwisho hakutia sahihi mkataba wowote. Yeye alilipa tu.

Historia ya makampuni haya yenyewe ina somo zuri kuhusu uaminifu baina ya muuzaji na askari. Mwaka 1943 Koplo Clive Nutting wa jeshi la Uingereza, akiwa mateka wa Wajerumani katika kambi ya Stalag Luft III, aliandika barua Geneva akaagiza saa ya Rolex. Mwenye kampuni, Hans Wilsdorf, akampelekea, akamwambia asihangaike na malipo mpaka vita viishe. Maofisa na askari wengine wengi waliokuwa mateka waliagiza vivyo hivyo. Hapakuwa na orodha ya kungojea, wala hakuna aliyeizuia kadi ili kuhakikisha kwamba mateka hataiuza.

Na wakati kampuni ilipoliuzia jeshi, ilijua vyema nani ni mwenye mali. Katika miaka ya 1970 Jeshi la Maji la Uingereza liliwakabidhi wapiga mbizi wake saa za Rolex Submariner zilizochorwa mgongoni alama ya mshale mpana, yaani mali ya serikali. Inakadiriwa kwamba hazikuzidi elfu moja na mia mbili au karibu na hapo. Zilipochakaa au zilipozidi mahitaji, serikali iliziuza kama inavyouza malori na mahema. Leo moja kati ya hizo hupita dola laki moja mnadani, na mshale ule ule uliokuwa ukimzuia askari asiuze ndio unaopandisha bei. Serikali ya Uingereza haijasimama mlangoni mwa mnada kudai chake. Iliuza, ikapokea, ikanyamaza.

Dawa iliyo bora, kwa maoni yetu, imo kiwandani. Palipo na uhaba wa kupangwa hapakosi mlanguzi. Rolex haitangazi hesabu ya saa inazotengeneza, ila inajenga kiwanda kipya huko Bulle, Uswisi, kwa faranga zipatazo bilioni moja, na kinatarajiwa kuanza kazi mwaka 2029. Hatua hiyo itawasumbua walanguzi kuliko kadi zote zilizozuiliwa. Hata nguvu ya soko peke yake imekwisha kuwaadibu wengine. Wakati wa janga la korona bei za soko la kando zilipaa, zikafika kilele mwanzoni mwa mwaka 2022, kisha zikaporomoka, na walionunua kileleni wakidhani saa ni shamba wakaachwa na kitu cha kusomea saa tu. Askari mwenye posho na alikumbuke hilo kabla ya kuambiwa kwamba saa haishuki thamani.

Kwa wenzetu wa polisi, mtu kukutwa na saa ya thamani isiyo na kadi ya dhamana si ushahidi wa wizi. Huenda kadi ilibaki kwa wakala wa nchi ya mbali, huenda saa imepita mikono minne ya halali. Namba iliyokwanguliwa ni jambo jingine, na mgongo wa saa wenye namba isiyopatana na ile ya kwenye kadi ni jambo jingine pia. Aitwe fundi saa anayejua kazi yake, aufungue mgongo mbele ya mwenyewe, atazame mashine iliyomo ndani. Namba ikiwa safi, iulizwe katika orodha za saa zilizoibwa. London ipo The Watch Register, yenye kazi hiyo hasa. Isipoonekana humo, na pasiwepo mlalamikaji wala dalili nyingine ya wizi, iandikwe katika kitabu cha kituo pamoja na jina la mwenye saa na tarehe, kisha arudishiwe saa yake aende zake.