Msitudanganye na Leleti Khumalo

Ndugu zangu, Juni imepita tena. Hapa kambini Juni ni mwezi wa jukwaa. Tarehe 16 ni Siku ya Mtoto wa Afrika, tarehe 20 ni Siku ya Wakimbizi Duniani. Turubai linafungwa, spika zinaletwa kwa gari, wageni wanakaa kivulini, na sisi tunaambiwa: leteni ngoma, leteni igizo, lisizidi dakika saba. Tunacheza, tunapigwa picha, tunapewa soda na fulana. Kesho yake spika zimeshaondoka, na turubai pia.

Mwaka huu mgeni mmoja alipewa maiki akatutolea mfano wa Leleti Khumalo, mwigizaji wa Afrika Kusini. Eti alitoka mtaa wa shida kama sisi, hakuwa na kitu, alikuwa na kipaji tu, akafika New York. "Na wewe unaweza!" Watu wakapiga makofi. Mimi nami nilipiga, maana nilikuwa nimesimama mbele na kitambulisho cha kujitolea shingoni, ningefanyaje? Lakini yale maneno yameniuma mpaka leo. Hadithi ile imekatwa katikati, na kipande kilichoachwa ndicho kinachotuhusu sisi na wao.

Basi tuisimulie yote.

Wengi wetu tunamjua Leleti kwa filamu ya Sarafina! ya mwaka 1992, yule msichana wa shule wa Soweto anayeimba na kuandamana. Kwenye vibanda vya video imechezwa mpaka watoto wasiojua neno la Kizulu wanaimba nyimbo zake. Na tukumbuke kwamba Siku ya Mtoto wa Afrika tunayoichezea ngoma kila mwaka inatokana na mambo hayo hayo: tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana, na polisi wakawapiga risasi. Hiyo siku ilianza na watoto waliodai kitu. Sisi siku hizi tunaambiwa tuiadhimishe kwa kushukuru.

Leleti alizaliwa mwaka 1970 KwaMashu, kaskazini mwa Durban. Huu si mtaa uliojiotea wenyewe. Serikali ya ubaguzi ilianza kuujenga mwishoni mwa miaka ya 1950 ili kuwaweka watu weusi waliokuwa wakiondolewa kwa nguvu Cato Manor. Nyumba zilivunjwa kule, watu wakaletwa huku kwenye nyumba za mistari. Kwa hiyo mgeni wetu alisema kweli kwa bahati tu: Leleti alikulia mahali pa watu waliohamishwa. Mkimbizi anaijua habari hiyo bila kufundishwa.

Lakini "hakuwa na kitu"? Hapo ndipo ninapobisha. Alikuwa na Amajika. Hilo lilikuwa kundi la vijana la kucheza na kuigiza, likifanya mazoezi uani, hapo hapo mtaani, chini ya mwanamuziki Tu Nokwe. Kabla ya mtu yeyote wa New York kulisikia jina la Leleti, kulikuwa na ua uliokuwa wazi na dada mkubwa aliyejua kazi akawa tayari kumrekebisha mguu na sauti. Mwaka 1985, akiwa na miaka 15, mtunzi Mbongeni Ngema alipokuja kutafuta vijana wa mchezo wake mpya, alimkuta msichana aliyekwisha kufundishwa.

Hata hapo hakupandishwa ndege kesho yake. Ngema aliwakusanya vijana wa mitaani akawanoa kwa muda mrefu, na mchezo ukafunguliwa Market Theatre, Johannesburg, mwaka 1987. Mwaka huo huo ukavuka kwenda New York, na Januari 1988 ukaingia Broadway, ukachezwa mara 597. Leleti akateuliwa kuwania tuzo ya Tony, ile kubwa kuliko zote za jukwaa kule Marekani, akiwa na miaka 18. Hesabuni wenyewe: kutoka usaili wa 1985 mpaka Broadway ni miaka mitatu hivi, na uani kwa Tu Nokwe hatujakuhesabu.

Sasa niwaambie ya kwetu. Kundi letu la maigizo lilikuwa na ukumbi. Mradi ulipoisha, ukumbi ulitiwa kufuli. Tumeomba ufunguo mara nne. Jibu la kwanza: mwenye mamlaka amesafiri. La pili: andikeni barua. La tatu: barua imepokelewa. La nne sitaki kulirudia hapa. Tukahamia chini ya mwembe. Mvua ikija tunatawanyika, giza likiingia wasichana wanaondoka, na wana haki, maana njia ya kurudi blok zao si salama. Dada yetu aliyekuwa akiigiza nafasi ya mama, ambaye akilia jukwaani hata wazee wanafuta macho, ameacha. Anauza unga wa muhogo sokoni. Siku ya tarehe 20 walimtafuta awachezee wageni. Alikataa. Na mimi ndiye niliyetumwa kumbembeleza! Alinitazama akaniuliza, "Kaka, ufunguo umepatikana?" Nikarudi kimya.

Halafu watu wanapanda jukwaani kutuambia kuhusu kipaji.

Niseme na la maigizo ya uhamasishaji, maana hili linawahusu moja kwa moja ndugu zetu wa mashirika. Mnatupa karatasi yenye ujumbe minne na kusema, "Fanyeni igizo, ujumbe wote uingie." Afrika Kusini walishapita njia hiyo. Mwaka 1995 Wizara ya Afya ilimpa Ngema mkataba wa randi zaidi ya milioni 14 atengeneze mchezo wa kufundisha watu kuhusu UKIMWI, ukaitwa Sarafina 2. Watu wa UKIMWI wenyewe walilalamika kwamba ujumbe umevurugika, fedha zikachunguzwa na ofisi ya mlinzi wa umma, na mwaka 1996 mchezo ukasimamishwa. Jina kubwa lilikuwepo, fedha zilikuwepo, na bado ukaanguka.

Miaka minane baadaye, 2004, ikatoka filamu ya Yesterday, iliyoongozwa na Darrell Roodt, na Leleti akiwa mhusika mkuu. Ni mama wa kijijini mwenye virusi, mume wake alikuwa mchimba madini Johannesburg, na binti yao ni mdogo. Mama huyo hakusoma. Anaweka nia moja: hafi mpaka mtoto wake aingie shule. Basi. Hakuna anayeigeukia kamera kusoma ujumbe namba tatu. Filamu ile, ya Kizulu tupu, iliteuliwa kuwania Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Ukiitazama unajua UKIMWI unafanyaje ndani ya nyumba, kwa sababu mwigizaji aliachiwa nafasi ya kuwa mtu. Nasi tuachieni nafasi hiyo. Tunazijua shida za kambi kuliko karatasi zenu.

Mwaka huo huo alikuwemo pia katika Hotel Rwanda, nafasi ndogo. Sisi wa Maziwa Makuu hatuna haja ya kuelezwa filamu ile inahusu nini.

Tuje kwenye tamthilia, maana kuna wanaozidharau. Hata baadhi ya wahamasishaji wenzangu wanasema tamthilia zinawapotosha dada zetu. Mimi nasema tamthilia ndizo zinazoonyesha Leleti ni mfanyakazi wa namna gani. Mtu aliyekwisha kufika Broadway akiwa kijana angeweza kukaa akisimulia zamani. Yeye mwaka 2005 aliingia Generations ya SABC 1 kama Busi Dlomo. Baadaye akawa MaNzuza katika Uzalo. Tamthilia ya kila siku haimngoji mtu mpaka ajisikie. Leo umepewa maneno, kesho unayasema mbele ya kamera, keshokutwa mengine. Ni kazi ya kuamka, kama ya mwashi au muuguzi.

Na kwa kuwa ni kazi, ina malipo na ugomvi wa malipo. Mwaka 2014 waigizaji 16 wa Generations waligoma wakidai haki zao, wakafukuzwa wote. Nawatajia hili kwa sababu kambini neno "kujitolea" limekuwa blanketi la kufunikia kila kitu. Siku ya sherehe mwenye spika analipwa, mwenye turubai analipwa, dereva analipwa. Waigizaji wanapewa soda. Mtu akiuliza, anaambiwa asiwe na tamaa, anapewa "fursa ya kuonekana". Kuonekana hakununui chumvi.

Kuna methali yetu: mcheza kwao hutunzwa. Hadithi ya Uzalo imewekwa KwaMashu, mtaa ule ule aliozaliwa Leleti. Alizunguka dunia akarudi kuigiza maisha ya nyumbani kwake, na Uzalo ikawa tamthilia yenye watazamaji wengi kuliko zote nchini. Hata vitiligo, yale mabaka meupe ya ngozi, hakuyafanya siri, ameyazungumza hadharani. Ametunzwa na kwao. Sasa sisi tunacheza kwa nani? Kule tulikotoka hatupo. Hapa tulipo tunaitwa wageni hata waliozaliwa hapa. Ndiyo maana nasema ukumbi ule si anasa. Ndiyo mahali pekee pa sisi kuchezea kwetu.

Najua jibu la ofisini. "Fedha zimepungua, mgao wa chakula wenyewe umekatwa, nani ataweka maigizo mbele?" Ni kweli, tunakula mgao huo huo, tunajua ulivyo. Lakini ufunguo unagharimu kiasi gani? Ukumbi umeshajengwa, unakaliwa na popo. Na kama fedha ya spika na turubai inapatikana kila Juni, basi msiseme fedha hakuna. Semeni imepangiwa siku moja.

Na sisi vijana tusijifanye malaika. Siku ya mazoezi ya kawaida tunakuja saba, siku wageni wanakuja tunakuwa arobaini. Kila mmoja anataka video yake isambae wiki hii. Leleti hakuanza na video, alianza na mazoezi ya uani. Na wakubwa miongoni mwetu wanaojua kuimba na kucheza, mnangoja nini kuwa Tu Nokwe wa blok yenu? Mwembe upo. Mimi mwenyewe nitakuwepo Jumanne na Alhamisi saa tisa, ukumbi ufunguliwe usifunguliwe.

Kwa ndugu zetu wa mashirika, tunaomba matatu. Ufunguo ukae kwa kamati ya vijana, na jina la anayewajibika liandikwe. Igizo mkiliagiza, walipeni waigizaji kama mnavyomlipa mwenye spika. Na ujumbe mkitupa, utuachie sisi namna ya kuusema.

Mkishindwa yote matatu, basi Juni ijayo msituletee tena jina la Leleti Khumalo. Chezeni wenyewe hizo dakika saba, sisi tutakaa kivulini tuwapigie makofi.