Gari Likichemka Safarini, Usikimbilie Kununua Feni

Huenda nyumbani kwenu mngali na Peugeot 504, gari lililozinduliwa Ufaransa mwaka wa 1968 na kushinda mashindano ya Safari Rally mwaka wa 1975 na 1978. Jijini Nairobi halina taabu, hata kwenye msongamano. Lakini mkiteremka Mombasa kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa, mshale wa geji ya joto unapanda. Mkipunguza mwendo, unashuka.

Kuna fundi atakayekwambia ununue feni. Kabla hujatoa pesa, fikiri kidogo. Feni huhitajika gari likiwa limesimama au linajikokota. Likishika kasi, upepo wa safari huipoza rejeta. Ndiyo sababu feni ya 504 iliundwa ijitenge na injini isipohitajika. Basi gari linalochemka kwenye foleni pekee, shuku feni. Linalochemka likikimbia, shuku kwanza mzunguko wa maji.

Anza na mambo yasiyo na gharama. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta. Je, maji yamepungua? Yana kutu? Kutu huziba njia za ndani. Mjini zile zilizobaki zinaweza kutosha, ila safarini injini hutoa joto jingi zaidi. Tazama pia kama wadudu na matope yameiziba rejeta kwa nje.

Rudisha kifuniko, uwashe injini. Ikishapata joto, gia ikiwa huru, mwombe mwenzako akanyage mafuta huku ukitazama paipu ya mpira iliyo chini ya rejeta. Weka mikono na nguo mbali na feni. Paipu ikibonyea, imelegea na pampu inaifyonza. Maji hayapiti vizuri. Ibadilishe.

Injini ikipoa, mwambie fundi aitoe thamostati, uitie katika sufuria ya maji jikoni. Maji yakichemka, iwe imefunguka kabisa. Isipofunguka, nunua nyingine.

Kama yote hayo ni mazima, fundi akague pampu ya maji na taimingi. Ukiona mapovu yasiyokwisha kwenye rejeta, au oili yenye rangi ya chai ya maziwa, gasketi ya silinda hedi huenda imeungua. Hapo usisafiri.

Na likikuchemkia njiani, simama kando, uzime injini, uwaondoe watoto karibu na boneti. Usifungue kifuniko mpaka injini ipoe kabisa, kwani maji yale hurukia uso na kuunguza vibaya. Usiseme, "Tusukume tu hadi Mtito Andei." Hedi ikipinda, gharama yake itazidi mara nyingi bei ya paipu na thamostati.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Likague gari Jumamosi hii, kabla ya kuipakia jamaa yako. Safari njema!