Nimeomba maziwa, sijaomba sumu!

Wadau, juzi nilikuwa kwa mshikaji wangu mmoja. Shemeji akanikaribisha chai nyekundu, ile ya rooibos. Nikaomba maziwa. Weee! Utadhani nimeomba chumvi. "Shem, hii ni chai ya afya, haitiwi maziwa. Ukitia unaiua." Nikanywa kavu kwa adabu. Leo adabu imeisha.

Hiyo sheria katunga nani? Rooibos inatoka kwenye milima ya Cederberg, Afrika Kusini. Wakhoi na Wasan waliijua zamani sana, kabla Benjamin Ginsberg hajaanza kuifanyia biashara mwaka 1904. Na huko huko inakotoka, watu kibao wanainywa na maziwa na sukari, wala hawaombi radhi. Mwaka 1968 mama mmoja wa huko, Annique Theron, aliichanganya kwenye chupa ya maziwa ya mwanawe aliyekuwa anasumbuka kwa kulia. Kwa maelezo yake, mtoto akatulia. Biashara yake yote ilianzia kwenye chupa hiyo. Ya maziwa!

Eti maziwa yatakatika? Hapo mnaichanganya na choya. Choya ni chachu, ukiitia maziwa umeharibu. Rooibos haina uchachu huo. Haina kafeini na tanini yake ni kidogo, kwa hiyo unaweza kuichemsha muda mrefu isiwe chungu. Siri ni hiyo: ichemshe dakika kumi ikolee, ndipo utie maziwa. Ukichovya kifuko mara mbili halafu ukamwaga maziwa, umekunywa maji meupe, usinisingizie mimi.

Kuna watakaoniletea utafiti wa Berlin wa mwaka 2007, kwamba maziwa yanaondoa faida ya chai kwenye mishipa ya damu. Nimeusoma. Walipima wanawake 16, tena kwa chai ya kawaida. Rooibos ni mmea mwingine kabisa, wa jamii ya kunde. Kwa ushahidi huo mimi sinyimwi maziwa.

Tuseme ukweli, jamani. Tulipokuwa wadogo, chai ya rangi ilikuwa ya kila siku, ya maziwa ilikuwa ya mgeni. Asiyekuwa na maziwa alichekwa. Leo tumesoma, tumepata vijimshahara, chai kavu imekuwa ya wastaarabu na anayeomba maziwa anaonekana wa kuja. Tumebadilisha kikombe tu, dharau ni ile ile.

Anayeinywa kavu kwa sababu anaipenda, au tumbo lake halitaki maziwa, huyo sina ugomvi naye. Ila mgeni akiomba maziwa, mpe. Usimpe mhadhara.

Shem, Jumapili nakuja tena. Maziwa nabeba mwenyewe.

Naomba kuwasilisha.