Ramani ya Bulengera: kila mtu na nakala yake?

Programu huria inamruhusu mtu yeyote kuchukua nakala, kuibadilisha na kwenda nayo njia yake. Ni haki, na leseni imeiandika. Lakini Butembo haina watengenezaji wengi wa kugawana. Kijana wa informatiki akikosana na wenzake kwa neno dogo, asikimbilie kutoka na nakala yake na jina jipya, kama wahubiri wanavyogawana kanisa.

Chukua OpenStreetMap, ramani huria ambayo kila mtu anaweza kuijaza. Ebola ilipotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018, kisha ikafika Beni na Butembo, watu wa kujitolea, wengine wakiwa Ulaya na Marekani, walichora nyumba na barabara za huku wakitazama picha za satelaiti. Satelaiti inaona bati la nyumba. Haioni jina la mtaa, haijui kama kituo cha afya kinafanya kazi au kimefungwa. Hayo anayajua mkaaji wa Bulengera. Akiyaandika kwenye nakala yake mwenyewe tu, muuguzi anayetafuta nyumba ya mgonjwa kwa ramani ya wote hatayaona. Ugonjwa ule ulitangazwa kwisha Juni 2020, ukiwa umeua watu zaidi ya 2,200.

Kujitenga huko kumekwisha kujaribiwa. Mwaka 2012 OpenStreetMap ilipobadili leseni, baadhi ya waliokataa walitoka na nakala yao, wakaiita FOSM. Hawakuwa wajinga, hoja walikuwa nayo. Ila wachoraji wengi walibaki kule kule, na nakala ikaachwa nyuma.

Watajibu: na LibreOffice je? Kweli. Mwaka 2010, baada ya Oracle kuinunua Sun, watengenezaji wengi wa OpenOffice walihofia mradi wao, wakatoka na kuanzisha LibreOffice, nayo leo ndiyo iliyo hai zaidi. (Wapo mpaka sasa wanaopakua OpenOffice kwa kuzoea jina tu.) Lakini wale walitoka kundi zima, na walikuwa na sababu nzito. Huyu wa Bulengera amegonga mlango gani ukafungwa? Sahihisho lake lipi lilikataliwa?

Kufungua akaunti ya OpenStreetMap ni bure. Kuandika jina la mtaa ni kazi ya dakika chache, na kila badiliko linabaki na jina la akaunti iliyolifanya. Kama shida ni sifa, sifa iko hapo.